Kupanda Iten kwa Ajili ya Triathloni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mwanatriathloni anayetaka kupiga kambi Iten, mji wa nyanda za juu za Kenya katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, kisha akashindane usawa wa bahari, tuseme Mombasa, Diani, Dar es Salaam au Zanzibar. Mifano mingi inahusu umbali wa Olimpiki: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, mbio 10. Anayejiandaa kwa umbali mrefu zaidi atumie kanuni zilezile. Atakachobadilisha ni wingi wa mazoezi.

Hivi kweli oksijeni ya Iten ni kidogo?

Kwa asilimia, hapana. Hewa ya Mombasa ina karibu asilimia 21 ya oksijeni na ya Iten vilevile. Kinachopungua ni mgandamizo. Ufukweni mgandamizo wa hewa ni milimita 760 za zebaki. Iten, kwenye mita 2,400 hivi, ni karibu 570. Kila pumzi unayovuta inakuwa na oksijeni pungufu kwa takriban robo. Figo zinahisi upungufu huo na ndani ya saa chache zinaanza kutoa kwa wingi homoni ya EPO, ambayo huamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu. Homoni hufika kileleni baada ya siku moja au mbili, lakini chembe zenyewe huchukua wiki kadhaa kuongezeka kwa kiasi cha maana.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Siku ya nne unapima damu, unaambiwa imekuwa nzito, unafurahi. Hiyo si damu mpya: ni maji ya damu yaliyopungua kwa sababu mwili umekojoa zaidi na umepoteza unyevu kwa kupumua hewa kavu.

Nikae muda gani?

Wiki tatu ndiyo chini kabisa, nne ni bora. Makadirio yanayotumika sana ni ongezeko la himoglobini (kibeba oksijeni kilicho ndani ya chembe nyekundu) la karibu asilimia 1 kwa kila saa 100 za kuishi juu ya mita 2,100 hivi. Wiki tatu ni saa 504, kwa hiyo tarajia asilimia 3 hadi 5 ikiwa hukuugua na chuma mwilini kinatosha. Kinachohesabiwa ni saa, kwa hiyo kushuka Kisumu kila wikendi kula samaki kunakula pia faida yako. Kwenda Eldoret kununua mahitaji hakuna neno, kwani nako ni karibu mita 2,100.

Kambi ya siku kumi ni mapumziko mazuri, lakini usiitegemee kwa damu.

Kwa nini nisipande Kilimanjaro au Mlima Kenya badala yake?

Kwa sababu utakaa huko siku sita au saba, nyingi zikiwa juu ya mita 3,000, bila baiskeli wala bwawa, huku hulali vizuri. Mwinuko unaofaa kwa kambi ni kati ya mita 2,000 na 2,500. Chini ya hapo msukumo kwa figo ni mdogo; juu ya hapo usingizi na hamu ya kula vinaharibika na mazoezi yanakuwa dhaifu mno. Ndiyo maana wanatriathloni wa Ulaya hupendelea Sierra Nevada nchini Hispania, mita 2,320, ambako kuna bwawa la mita 50. Afrika Mashariki tuna Iten, Kaptagat na Eldoret kwa Kenya, na nyanda za juu za Kapchorwa kwa Uganda. Iten inazishinda nyingine kwa jambo moja: kuna bwawa la mita 25 kwenye kituo kilichoanzishwa na mwanariadha Lornah Kiplagat. Mkimbiaji anaweza kukaa popote penye barabara ya udongo, lakini mwanatriathloni asiye na bwawa kwa wiki nne atarudi na mapafu mazuri na mkono mbovu.

Naishi Nairobi. Je, sijazoea tayari?

Kwa sehemu. Nairobi iko karibu mita 1,800, kwa hiyo siku za kwanza Iten hazitakutesa kama mtu wa Tanga au Mombasa. Kwa upande mwingine, nafasi yako ya kuongeza damu ni ndogo zaidi. Wa Nairobi anaweza kuwa amezoea baada ya siku nne au tano. Wa pwani ampe mwili wake siku kumi. Wa Arusha na Kigali, walio kati ya mita 1,400 na 1,600, wawe katikati.

Nipime nini kabla ya kupanda?

Cha kwanza ni feritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Pima wiki sita kabla ya safari ili ubaki na muda wa kurekebisha. Mwili hauwezi kutengeneza himoglobini bila chuma, na mtu aliyepanda akiwa na akiba tupu hushuka jinsi alivyopanda, tena amechoka. Ikiwa chini ya mikrogramu 30 kwa lita, ahirisha kambi. Ikiwa kati ya 30 na 50, zungumza na daktari kuhusu vidonge. Kidonge cha kawaida cha feri salfeti cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Soma namba sahihi, yaani ile ya chuma chenyewe. Wanawake wanaopata hedhi nzito wawe waangalifu zaidi. Tahadhari moja: feritini hupanda mwili unapopambana na maambukizi, kwa hiyo ukipima wiki uliyougua malaria utapata namba nzuri ya uongo. Subiri upone. Wala usimeze chuma bila kupima, kwa kuwa kikizidi nacho ni sumu.

Cha pili, selimundu (sikoseli). Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kufanya mazoezi makali. Mwenye kubeba kinasaba kimoja tu mara nyingi huishi bila hata kujua, lakini juu milimani, akiwa amekaukiwa maji na anajisukuma, anaweza kupata maumivu makali ya bandama au kuzimia. Kwa watu wa ukanda wetu kipimo hiki si cha hiari. Ukikutwa nacho, amua na daktari.

Cha tatu, malaria, hasa ukitoka pwani au kando ya ziwa. Homa, kichwa na uchovu vikija siku ya tatu, kambi nzima itasema ni mwinuko. Mwinuko hauleti homa. Nenda ukapimwe.

Wiki ya kwanza nifanye nini?

Kidogo kuliko unavyotaka. Kambi nyingi zinaharibika hapa: mgeni anatoka asubuhi, anakutana na kundi la wakimbiaji mia kwenye udongo mwekundu, anaingia katikati, na kufikia kilomita ya tano ameshakopa nguvu za wiki nzima.

Siku mbili za kwanza tembea, ogelea mita 1,000 hadi 1,500 polepole, na kama lazima ukimbie, dakika 30 zinatosha. Kuanzia siku ya tatu hadi ya saba fanya asilimia 60 hadi 70 ya saa zako za kawaida, zote kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima. Usifanye mazoezi ya kasi, isipokuwa mbio fupi za sekunde 8 hadi 10 ukipumzika dakika mbili au tatu katikati. Hizo hazitegemei oksijeni na zinazuia miguu kusahau. Wiki ya pili panda hadi asilimia 85 au 90 na uingize kazi ya kasi mara mbili kwa michezo yote mitatu kwa jumla. Wiki ya tatu ndiyo ya kazi kamili. Ya nne anza kwa kazi kamili, kisha punguza siku tatu za mwisho.

Kila asubuhi kabla ya kuamka kitandani hesabu mapigo ya moyo. Kuongezeka kwa mapigo 5 hadi 10 siku za mwanzo ni kawaida. Yakikaa juu zaidi ya 10 kwa asubuhi mbili mfululizo baada ya wiki ya kwanza, siku hiyo ni ya kupumzika. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni husaidia pia. Namba kati ya 90 na 95 ni za kawaida Iten, ila vidole vya baridi na rangi ya kucha huidanganya mashine.

Kwa nini kuogelea ndiko kunakonishinda kuliko vyote?

Kwa sababu ukikimbia unapumua utakapo, ndani ya maji unapumua pale mkono unapokuruhusu. Halafu bwawa ni la mita 25. Mita 1,500 ni urefu 60, maana yake kugeuka mara 59, na kila unapogeuka unakaa sekunde kadhaa bila hewa. Ufukweni hilo hulioni. Iten linakuacha unahema ukutani.

Fanya hivi. Vuta pumzi kila mikono miwili hata kama umezoea mitatu. Wiki ya kwanza geuka kwa kushika ukuta na kuinua kichwa, acha kugeuka kwa kupiga pindu. Katakata seti: kama ulizoea mara 10 za mita 200 kwa mapumziko ya sekunde 20, fanya mara 20 za mita 100 kwa sekunde 30, na kwa siku tatu nne za kwanza mita 50. Miguu hula oksijeni nyingi, kwa hiyo boya la kubana mapajani litakusaidia kuongeza umbali bila kuishiwa pumzi. Ogelea mara nne au tano kwa wiki, vipindi vifupi, kuliko mara mbili ndefu, maana mkono unaochoka unajifunza makosa.

Kubana pumzi kwa makusudi ili „kuzoesha mapafu" kusifanyike kabisa. Mtu huzimia majini bila dalili yoyote, na mwinuko unaleta hatari hiyo karibu zaidi.

Iten hakuna maji ya wazi ya kufanyia mazoezi, kwa hiyo ingiza zoezi la kuinua macho mbele kila mikono sita katika kila kipindi. Bahari haina mstari mweusi chini.

Wati zangu (nguvu ninayosukuma kwenye pedali) zimeanguka. Nimeharibika?

Hapana. Uwezo wa juu kabisa wa kutumia oksijeni hushuka kwa asilimia 10 hadi 15 kwenye mwinuko huu, na wati za kizingiti, yaani zile unazoweza kushikilia kwa takriban saa moja, hufuata. Anayeshikilia wati 250 kwa saa moja kule pwani aanze na 215 hadi 220 Iten, na baada ya wiki mbili afikirie 225 hadi 230. Usifanye jaribio la dakika 20 la kupima kizingiti kabla ya siku ya kumi. Litakupa namba ya aibu na siku tatu za uchovu.

Usiamini kasi ya baiskeli hata kidogo. Hewa ya Iten ni nyepesi kwa karibu asilimia 22 kuliko ya Mombasa yenye joto, kwa hiyo kwenye tambarare utaenda haraka zaidi kwa wati zilezile. Ukishuka pwani mambo yanageuka: wati zimepanda, spidi imeshuka, na mtu anadhani breki inagusa rimu. Fuata wati, au kama huna kipimo cha wati, fuata pumzi na mapigo.

Na mbio?

Mwendo wa pole ongeza sekunde 15 hadi 30 kwa kilomita. Mwendo wa kizingiti ongeza 10 hadi 15. Kwa mazoezi ya kasi, bana urefu na refusha mapumziko: badala ya mara 6 za mita 1,000 kwa mapumziko ya dakika 2, fanya mara 6 kwa dakika 3 na nusu, au mara 12 za mita 400. Kasi ya mashindano lazima ibaki, maana miguu isiyoikumbuka kwa mwezi mzima haitaipata siku ya mbio hata damu ikiwa nzito kama uji. Na kumbuka Iten tambarare ni haba. Ukipima mazoezi kwa muda badala ya kilomita utajiepusha na hasira nyingi.

Je, nishuke Bonde la Kerio kufanya mazoezi ya kasi?

Wazo ni zuri. Mwaka 1997 watafiti Levine na Stray-Gundersen walichapisha utafiti wa wakimbiaji walioishi mita 2,500 na kufanya mazoezi mita 1,250 kwa wiki nne. Walipunguza wastani wa sekunde 13 hivi kwenye mita 5,000, na waliobaki juu muda wote hawakupata nafuu hiyo. Iten imekaa ukingoni mwa bonde ambalo sakafu yake iko zaidi ya mita 1,000 chini, kwa hiyo mpangilio huo unawezekana kwa gari.

Tatizo ni utekelezaji. Bondeni kuna joto kali kufikia saa tatu asubuhi, kuna malaria, na sehemu nyingine zimekuwa na matatizo ya usalama, kwa hiyo uliza wenyeji kabla ya kuondoka. Mara moja kwa wiki, kuanzia wiki ya pili, ukitoka alfajiri na gari la kukurudisha, inatosha. Usipange kurudi kwa baiskeli siku ya kazi ya kasi. Ule mlima kupitia Tambach ni zoezi kamili peke yake.

Baiskeli inahitaji matayarisho gani?

Upepo wa tairi kwanza. Tairi lililojazwa psi 80 (psi ni kipimo cha mgandamizo) Mombasa litasoma karibu psi 84 Iten, bila kuongezwa chochote, kwa kuwa hewa ya nje imepungua nguvu kwa psi 3.7 hivi. Ukishuka unazipoteza zilezile. Kwa hiyo pima upya kila unapobadilisha mwinuko, hasa asubuhi ya mashindano.

Chukua tairi za milimita 28 au zaidi. Barabara ya Eldoret hadi Iten ni lami, lakini ukitoka nje yake ni udongo unaoteleza mvua ikinyesha. Vipuri vya baiskeli za kubebea mizigo utavipata kila kona, vya baiskeli ya mashindano usitegemee. Beba tyubu nne za valvu nyembamba, mnyororo wa akiba, pedi za breki, na kile kijichuma kinachoshikilia mtambo wa gia za nyuma. Hicho cha mwisho hupinda kwenye ndege, kila modeli ina chake, na kikivunjika kambi yako ya baiskeli imeisha.

Kichwa kinaniuma na silali. Nimeze nini?

Maumivu mepesi ya kichwa, usingizi wa kukatikakatika na kushtuka usiku kama umesahau kupumua ni mambo ya siku tatu hadi tano. Maji, chakula na kupunguza mazoezi ndiyo tiba; parasetamoli inaruhusiwa. Kichwa kikizidi huku unatapika, unayumba ukitembea, au unahema ukiwa umekaa, shuka na uende hospitali. Ni nadra kwenye mita 2,400, lakini usingoje kesho.

Wapanda mlima watakushauri Diamox. Dawa hiyo, asetazolamidi, imo kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku michezoni kwa sababu inaongeza mkojo. Usiimeze bila kibali cha matibabu. Na ukipimwa damu na maofisa wa dawa za kusisimua misuli, waambie wazi umetoka nyanda za juu, maana mwinuko hubadilisha vipimo vyako.

Nile nini? Na chai je?

Kula wanga zaidi ya kawaida, kwa kuwa mwili ukiwa juu huegemea wanga: gramu 7 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito siku za kazi kubwa, na gramu 60 hadi 90 kwa saa ukiwa kwenye baiskeli zaidi ya saa mbili. Hamu ya kula hupungua bila kujitambua. Jipime uzito mara mbili kwa wiki. Kilo moja siku za mwanzo ni maji, ya pili ni tatizo. Ukijipikia, loweka maharage usiku, maana maji ya Iten yanachemka kwenye nyuzi 92 tu na sufuria isiyobana itamaliza gesi yako.

Chai ya maziwa ni adui wa kidonge cha chuma. Tanini za majani na kalsiamu ya maziwa huzuia chuma kufyonzwa, na Iten chai huja kabla hujaiomba. Meza kidonge asubuhi pamoja na chungwa, ungoje saa moja au zaidi ndipo unywe. Mursik, yaani maziwa ya mgando ya Wakalenjin, nayo ihamie mchana.

Barakoa ya mazoezi na hema la oksijeni pungufu vinaweza kuchukua nafasi ya Iten?

Barakoa, hapana: inaziba njia ya hewa tu, oksijeni ni ileile. Hema linafanya kazi, ila unahitaji saa 12 au zaidi kwa siku ndani yake, kwa wiki kadhaa. Wengi hulala humo saa nane kisha wanashangaa.

Nishuke lini kabla ya mashindano?

Makocha hupendelea ama siku moja hadi mbili kabla, ama wiki mbili hadi tatu. Katikati, takriban siku ya nne hadi ya kumi, wanariadha wengi huhisi wazito na wasioeleweka. Faida ya damu nayo huyeyuka ndani ya wiki chache.

Kwa mashindano ya pwani tunashauri siku 14, bila kusita, na sababu ni joto. Umetoka kwenye asubuhi za nyuzi 10 na mchana wa 23. Unaingia kwenye nyuzi 31 na unyevu unaozuia jasho kukauka. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea. Asilimia 4 ya himoglobini haimsaidii mtu aliyechemka kilomita ya tatu ya mbio. Kama kazi haikuruhusu kushuka mapema, wiki ya mwisho Iten jiloweke kwenye maji ya nyuzi 40 hadi shingoni, dakika 20 kisha taratibu hadi 40, mara baada ya mazoezi, siku sita mfululizo, mtu akiwa karibu. Ukisikia kizunguzungu toka. Utakuwa umeanza safari ya joto kabla hujapanda basi.

Siku hizo 14 zipangwe vipi?

Siku tatu za kwanza ni za pole, saa za asubuhi, dakika 45 hadi 60. Siku ya nne hadi ya kumi toka kwenye joto lenyewe kila siku, saa moja hadi moja na nusu, na ogelea baharini mara tatu angalau ili kuzoea mawimbi na chumvi. Jipime uzito kabla na baada ya kila zoezi: kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, na hapo ndipo utajua unywe kiasi gani siku yenyewe. Zoezi gumu la mwisho, tuseme dakika 40 za baiskeli kwa wati za mashindano na kilomita 3 za mbio mara tu ukishuka, lifanye siku nne au tano kabla. Anza kilomita hizo tatu kwa kujizuia. Hewa ya chini ni tamu, miguu itataka kukimbia, na kilomita ya kwanza mara nyingi hutoka kwa kasi isiyoweza kudumu hadi ya kumi.